Kikomo cha faini za PAGA kinategemea kumbukumbu ambayo hakuna anayeiandika

Tangu Gavana Gavin Newsom wa California atie saini tarehe 1 Julai 2024 miswada ya AB 2288 na SB 92, iliyorekebisha PAGA, sheria ya kazi inayomruhusu mfanyakazi kumshtaki mwajiri kwa niaba ya jimbo, mjadala kuhusu sheria hiyo umegeuka kuwa ugomvi wa asilimia. Mwajiri aliyejiandaa kabla ya kushtakiwa sasa hawezi kutozwa zaidi ya asilimia 15 ya faini inayodaiwa. Aliyejirekebisha haraka baada ya kupokea notisi ya madai hatozwi zaidi ya asilimia 30. Wapo wanaoziona namba hizo kuwa nafuu iliyochelewa kwa biashara zilizokuwa zikikamuliwa na mawakili. Wapo wanaoziona kuwa punguzo la bei kwa mtu aliyeiba ujira. Naamini wote wanakodolea macho mahali pasipo na jambo. Kikomo chenyewe kinaweza kutetewa, nami nitakitetea. Kinachonitia wasiwasi ni njia ya mwajiri kukipoteza. Ukiacha kesi za ukatili wa makusudi au ulaghai, mwajiri hurudi kwenye faini kamili pale tu wakala wa serikali au mahakama ilipokwisha kutamka, ndani ya miaka mitano iliyotangulia, kwamba utaratibu wake ni haramu. Na mashauri ya kazi ya California, kwa jinsi yanavyoendeshwa na kumalizwa, ni nadra kuzaa tamko la namna hiyo.

PAGA ni kifupi cha jina la Kiingereza la sheria iliyopitishwa mwaka 2003 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2004. Kwa tafsiri ya karibu ni sheria ya wanasheria wakuu binafsi, na jina hilo linaeleza jambo lenyewe: mfanyakazi aliyedhulumiwa anavaa joho la serikali na kumshtaki mwajiri kwa niaba ya jimbo, akidai faini ambazo vinginevyo zingedaiwa na maofisa wa serikali peke yao. Anadai kwa ajili yake na kwa ajili ya wenzake waliofanyiwa yale yale. Bunge la jimbo halikufika huko kwa kupenda kesi. Lilifika huko kwa sababu ukaguzi ulikuwa umekufa. Wakati muswada ukijadiliwa, ilielezwa kwamba viwanda vya nguo vya jiji la Los Angeles peke yake vilikadiriwa kuwa na makosa makubwa ya ujira zaidi ya 33,000 yaliyokuwa yakiendelea, ilhali idara husika ilikuwa ikitoa hati za makosa ya ujira zisizofika 100 kwa mwaka, kwa sekta zote, jimbo zima. Pengo kama hilo haliwezi kuzibwa kwa kuongeza wakaguzi wawili watatu. Ndiyo maana ukaguzi ukakabidhiwa kwa wale wanaokuwapo kazini kila siku.

Hapa kuna tofauti moja ambayo ikipotea, hoja zote zinazofuata zinapotea nayo. Ujira ambao mtu hakulipwa ni mali yake. Riba juu ya ujira huo ni yake. Fidia ambazo sheria inampa mfanyakazi binafsi ni zake. Faini ya madai ni kitu kingine kabisa: ni adhabu ya jimbo kwa aliyevunja sheria, na sehemu kubwa yake huingia kwa jimbo. Kwa miaka 20 ya kwanza mgawo wa PAGA ulikuwa asilimia 75 kwa wakala wa kazi wa jimbo na asilimia 25 kwa wafanyakazi; mageuzi ya 2024 yameubadilisha kuwa 65 kwa 35. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya California ilikwisha kuamua kwamba ujira usiolipwa haudaiwi kupitia PAGA. Kwa hiyo mtu anayesema kikomo kipya kimepunguza mshahara anaodai mfanyakazi hajasoma sheria. Ujira haukuguswa na kikomo, na saa za ziada ambazo hazikulipwa bado zinadaiwa zote kwa njia zake za kawaida.

Basi kwa nini faini ziliwekewa kikomo? Kwa sababu ya hesabu. Pale ambapo sheria ya kazi haikutaja faini maalumu, PAGA iliweka dola 100 kwa kila mfanyakazi, kwa kila kipindi cha malipo, kwa kosa la kwanza, na dola 200 kwa kosa linalofuata. Chukua mwajiri mwenye wafanyakazi 300 wanaolipwa kila baada ya wiki mbili. Mwaka una vipindi 26. Kosa la aina moja tu, likirudiwa mwaka mzima kwa wote, linafika dola 780,000 kabla mtu hajataja mshahara wa mtu yeyote. Sasa mwajiri huyo huyo angelipa kila wiki, jambo ambalo mfanyakazi wa kipato cha chini hulifurahia, vipindi vingekuwa 52 na faini ingepanda hadi dola 1,560,000 kwa kosa lile lile. Alikuwa akiadhibiwa mara mbili kwa kuwalipa watu mapema. Na kosa lenyewe lingeweza kuwa jambo la karatasi: katika shauri moja la mwaka 2017, mahakama ya rufaa iliruhusu kesi ya PAGA iendelee kwa sababu hati za mshahara hazikuonyesha tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii, na mdai hakutakiwa kuthibitisha kwamba aliumia kwa lolote.

Ongeza hapo kwamba tangu mwaka 2009 ilikuwa wazi kuwa kesi ya PAGA haihitaji kuthibitishwa na jaji kama kesi ya pamoja kabla ya kuendelea, na kwamba Januari 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema majaji hawana mamlaka ya kuifuta kwa sababu tu ni kubwa na ngumu kuendesha. Mtu mmoja aliyeguswa na kosa moja aliweza kudai faini za makosa mengine ambayo hayakumgusa. Hesabu ya juu kabisa ya faini ikawa fimbo ya mazungumzo, na mazungumzo yakamalizika kwa kiasi ambacho kilitegemea zaidi uoga kuliko ukubwa wa dhuluma. Nawaelewa waajiri waliolalamikia hilo. Mtu aliyekosea kuandika jina kamili la kampuni kwenye hati ya mshahara na mtu aliyewanyima watu 200 saa zao za ziada walisimama mbele ya kikokotoo kile kile.

Mageuzi yalizaliwa na tishio. Novemba 2024 wapiga kura walikuwa waulizwe kama PAGA ifutwe kabisa. Pendekezo lililokuwa likielekea kwenye kura lingempa mfanyakazi asilimia 100 ya faini na kuongeza maradufu faini za makosa ya makusudi, lakini lingeuondoa utaratibu wa mfanyakazi kushtaki kwa niaba ya jimbo na kuirudisha kazi yote kwa Kamishna wa Kazi, afisa wa jimbo anayeshughulikia madai ya ujira. Asilimia 100 inapendeza masikioni. Bali kwa mfumo ambao haufikishi madai mwisho, asilimia 100 ya kitu kisichofika ni sifuri. Chama cha wafanyabiashara na shirikisho la vyama vya wafanyakazi la jimbo walikaa, wakakubaliana Juni 2024, pendekezo likaondolewa, na kanuni mpya zikaanza kuhusu notisi zilizowasilishwa kuanzia tarehe 19 Juni mwaka huo.

Kanuni hizo ni nyingi, na nyingine hazina ubishi. Wanaolipa kila wiki sasa hutozwa nusu, kwa hiyo ile adhabu ya kulipa mapema imekwisha. Kosa la hati ya mshahara ambalo halimzuii mfanyakazi kuona kwa urahisi alichokipata limeshuka hadi dola 25. Kosa lililotokea mara moja, likapita ndani ya siku 30 au vipindi vinne vya malipo mfululizo, chochote kilicho kifupi zaidi, ni dola 50. Faini za juu ya faini, zile zilizozaliwa na kosa lile lile kwa jina jingine, zimebanwa. Majaji wamepewa nafasi ya kupunguza wingi wa ushahidi na upana wa kesi. Haya ni matengenezo ya busara na sitayarudia.

Kiini ni zile asilimia 15 na 30. Ili kupata kikomo cha 15, mwajiri aonyeshe kwamba kabla ya kupokea notisi, au kabla ya mfanyakazi kuomba kumbukumbu zake, alikuwa amechukua hatua zote za busara: kukagua mishahara mara kwa mara na kurekebisha kilichogunduliwa, kuwa na sera za maandishi zinazofuata sheria, kuwafundisha wasimamizi, na kuwachukulia hatua wasimamizi wanaozivunja. Akizichukua hatua hizo ndani ya siku 60 baada ya notisi, kikomo ni 30. Jaji anaangalia hali yote kwa jumla, ukiwemo ukubwa wa biashara na uzito wa kosa. Na sheria inasema wazi kwamba kutokea kwa kosa peke yake si ushahidi kuwa hatua hazikuchukuliwa.

Hoja ya kutetea mpango huu ina nguvu kuliko wakosoaji wake wanavyokiri. Faini iko kwa ajili ya kubadilisha mwenendo. Kama mwajiri anayekagua hesabu zake kila robo mwaka na mwajiri asiyejua hata nani anasaini saa za wafanyakazi watalipa faini sawa, basi hakuna sababu ya kifedha ya kukagua. Kikomo kinachotegemea mwenendo kinaipa kinga thamani inayohesabika. Kwa yule mwajiri wetu wa watu 300, tofauti kati ya kujiandaa na kutojiandaa ni tofauti kati ya dola 117,000 na dola 780,000. Fedha kama hizo zinamlipa mhasibu wa kukagua mishahara kwa miaka kadhaa. Na kosa la ujira linalogunduliwa na mhasibu mwezi Machi humfaa mfanyakazi kuliko kosa lile lile likigunduliwa na wakili miaka mitatu baadaye, wakati nusu ya watu wamekwisha kuhama na anwani zao hazijulikani.

Hoja dhaifu kabisa kwa upande wa waajiri ni ile inayosema kwamba bila kikomo cha kisheria biashara zilikuwa zikiangamizwa na faini zisizo na breki. Breki ilikuwepo tangu zamani. PAGA ya awali ilimpa jaji mamlaka ya kupunguza faini pale ambapo kiwango kamili kingekuwa cha dhuluma, cha uonevu au cha kunyang'anya mali. Katika kesi ya Starbucks kuhusu mapumziko ya chakula, iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa mwaka 2018, jaji alikuwa ameshusha faini hadi dola 5 kwa kosa, jumla dola 150,000, na rufaa ikakubali. Kutoka dola 50, ambayo ndiyo iliyokuwa faini ya msingi kwa kosa hilo, hadi 5 ni punguzo kubwa kuliko kikomo chochote cha sasa. Biashara nyingi hazikuwahi kufika mbele ya jaji huyo kwa sababu zilisuluhishana mapema, na hilo ni tatizo la kweli la gharama na hofu. Lakini tuliite kwa jina lake. Kilichopungua mwaka 2024 ni kutotabirika kwa faini, wala si ukosefu wa huruma mahakamani.

Kuna hesabu nyingine ambayo watetezi wa kikomo hawaipendi, na ni haki isemwe. Chini ya mgawo wa zamani, ile faini kamili ya dola 780,000 ingempa kila mfanyakazi wa mwajiri wetu dola 650. Chini ya kanuni mpya, mwajiri akipata kikomo cha 15, mgawo wa mfanyakazi ni dola 136 na senti 50. Akipata 30, ni dola 273. Kwa hiyo ule usemi kwamba wafanyakazi wameongezewa kutoka asilimia 25 hadi 35 ni kweli kwenye karatasi, na ni kinyume chake mfukoni pale kikomo kinapotumika. Nakubali matokeo hayo kwa sharti moja: kwamba mwajiri amejirekebisha kweli, na kwamba asiyejirekebisha atakutana na kiwango kamili. Bila sharti hilo, nisingekubali.

Na sharti hilo ndilo linalovuja. Sheria inasema kikomo hakimhusu mwajiri ambaye ndani ya miaka mitano kabla ya kosa alikwisha kupokea tamko la wakala au mahakama kwamba utaratibu wake ni haramu. Kipimo hicho hicho ndicho kinachofungua faini ya dola 200 badala ya 100. Ni ngazi nzuri ya adhabu: kosa la kwanza upole, la pili ukali. Lakini ngazi hiyo inadhani kuna mtu anayeandika kwamba kosa la kwanza lilitokea. Kesi za PAGA kwa sehemu kubwa humalizika kwa suluhu. Mahakama lazima iikubali suluhu hiyo, na nakala lazima ipelekwe kwa wakala wa jimbo, lakini jaji anayeikubali hatamki kwamba mwajiri alivunja sheria. Anatamka kwamba kiasi kilichokubaliwa kinaridhisha. Kwenye waraka wenyewe kuna sentensi isiyokosekana, kwamba mshtakiwa hakiri kosa lolote. Mwajiri aliyelipa suluhu tatu ndani ya miaka minne kwa jambo lile lile anasimama mbele ya sheria mpya akiwa na rekodi safi.

Binamu yangu anafanya kazi kwenye ghala moja mashariki mwa Los Angeles. Siku moja tulipitia hati zake za mshahara mezani kwake, tukaona kila zamu inakatwa dakika 30 za chakula, hata siku ambazo alikula amesimama kwa sababu lori lilikuwa linasubiri. Sheria ya California inataka mapumziko hayo yaanze kabla ya saa ya tano ya kazi kuisha, na mfanyakazi akinyimwa analipwa saa moja ya nyongeza. Akaniletea bahasha ya zamani. Ndani yake mlikuwa na barua iliyokuja na hundi ya mgawo wa kesi iliyopita, dhidi ya mwajiri yule yule, kuhusu dakika zile zile 30. Barua ilisema kampuni inakanusha madai yote. Aliniuliza kama kesi ile ilishinda au ilishindwa. Sikuwa na jibu la kumpa, na kwa maana ya sheria mpya jibu ni kwamba haikutokea.

Kama suluhu haizai tamko, njia ya pili ya kulipata ni wakala wenyewe. Mfanyakazi anayetaka kushtaki anapeleka notisi na kusubiri siku 65, ili serikali iamue kama italichunguza jambo hilo yenyewe. Kwa kawaida siku hizo hupita kimya. Si kwa uzembe wa afisa fulani. Mei 2024, wiki chache kabla ya makubaliano ya PAGA, Mkaguzi wa Jimbo alitoa ripoti kuhusu ofisi ya Kamishna wa Kazi: mwishoni mwa mwaka wa fedha 2022–23 kulikuwa na madai 47,000 yaliyolimbikizwa, na madai ambayo sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 135 yalikuwa yakichukua zaidi ya siku 800. Sababu kubwa ilikuwa uhaba wa watumishi. Makubaliano ya 2024 yaliahidi kuharakisha ajira kwenye idara hiyo, na ahadi hiyo ni njema. Lakini mageuzi hayo hayo yameiongezea ofisi kazi mpya, kwa kuwa mwajiri mwenye wafanyakazi wasiofika 100 sasa anaweza kupeleka mpango wa siri wa kurekebisha makosa ndani ya siku 33 baada ya notisi, na mtu lazima ausome, aupime, aamue kama unatosha. Ofisi iliyoshindwa kutoa maamuzi kwa wakati imeongezewa maamuzi.

Njia ya tatu ni hukumu. Hapo nako mlango umebanwa kutoka pande mbili. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Viking River Cruises, iliruhusu madai binafsi ya mfanyakazi chini ya PAGA yapelekwe kwenye usuluhishi, yaani yaamuliwe na msuluhishi binafsi nje ya mahakama, kama alisaini mkataba wa namna hiyo, na watu wengi husaini siku ya kwanza ya kazi bila kusoma. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya California, katika shauri la Uber, iliokoa haki ya mfanyakazi huyo kuendelea mahakamani kwa niaba ya wenzake. Ila kwa kawaida shauri la wenzake husimama likisubiri msuluhishi amalize, na msuluhishi anafanya kazi faraghani. Sheria mpya inataja tamko la wakala au la mahakama. Msuluhishi hatajwi.

Upande wa pili wa mlango ni kanuni mpya ya nani anaruhusiwa kushtaki. Sasa mfanyakazi lazima awe ameguswa yeye mwenyewe na kila kosa analolidai, ndani ya mwaka mmoja kabla ya notisi. Naelewa nia yake: kumzuia mtu aliyekosewa kwenye hati ya mshahara asifungue faili la kila kosa linalofikirika. Lakini fikiria mlinzi wa usiku anayejua kwamba wasafishaji wa jengo lake hawalipwi saa za ziada, na wasafishaji wenyewe wanaogopa kupoteza kazi, au kuulizwa vibali vyao. Zamani, kama yeye mwenyewe alikuwa ameguswa na kosa jingine, aliweza kuwasemea. Leo hawezi. Mashirika machache ya msaada wa kisheria yasiyo ya faida, yenye historia ya miaka mitano kwenye kesi hizi, yameachiwa kanuni ya zamani, na huo ni uungwana. Ila mashirika hayo hayatoshi kwa jimbo lenye watu karibu milioni 39. Kwa maoni yangu sehemu hii ya mageuzi ina madhara makubwa kuliko asilimia zote, kwa sababu kesi isiyofunguliwa haina faini ya kupunguzwa.

Inabaki kuuliza nani atapima zile hatua za busara. Sera ya maandishi inanunulika. Mafunzo ya wasimamizi yanaweza kuwa video ya dakika 20 na saini mwishoni. Ukaguzi wa mishahara unaweza kufanywa na kampuni ileile iliyoweka mfumo unaokata dakika 30 kiotomatiki, na ukathibitisha kwamba mfumo unakata sawasawa. Nani atamhoji dereva wa forklifti kama alipumzika kweli? Jaji akiletewa folda lenye sera, ratiba za mafunzo na ripoti za ukaguzi, na mbele yake kuna mlalamikaji mmoja anayesema mambo yalikuwa tofauti, mwelekeo wa kuamini karatasi ni mkubwa. Hatari ninayoiona ni kwamba ushindani utahamia kwenye uzuri wa folda. Sheria yenyewe imetoa silaha dhidi ya hilo, kwa kudai ukaguzi uliofuatiwa na hatua. Swali la kwanza mahakamani liwe: mlipokagua, mligundua nini, na mlimlipa nani? Ukaguzi wa miaka mitatu kwenye ghala la watu 300 ambao haukugundua hata dola moja ya kurudisha unapaswa kuamsha shaka, badala ya kuipunguza.

Kuhusu kumbukumbu, dawa ipo na haihitaji kubomoa makubaliano ya 2024. Bunge linaweza kuongeza kwamba suluhu ya pili iliyokubaliwa na mahakama, dhidi ya mwajiri yule yule, kwa utaratibu ule ule, ndani ya miaka mitano, inatosha kumwondolea kikomo cha asilimia 15. Najua pingamizi litakalotolewa: kampuni nyingi husuluhisha bila hatia kwa sababu kesi ni ghali, na zikijua suluhu itahesabiwa zitakataa kusuluhisha. Kwa suluhu ya kwanza pingamizi hilo ni la haki, ndiyo maana suluhu ya kwanza isihesabiwe. Lakini aliyekwisha kulipa mara moja kwa sababu ya dakika 30 za chakula amepata taarifa kamili kuhusu dakika hizo. Akizirudia, hawezi kusema alikuwa amechukua hatua zote za busara, kwa sababu hatua ya kwanza ya busara ilikuwa kuzirekebisha siku ile hundi ilipotoka.

Hata kabla Bunge halijagusa neno, mageuzi yameleta kitu ambacho mawakili wa wafanyakazi hawajakizoea: mahakama sasa inaweza kutoa amri ya zuio katika kesi ya PAGA, kumwamuru mwajiri aache utaratibu fulani. Zamani kulikuwa na fedha tu za kudai. Amri kama hiyo inabaki kwenye jalada la mahakama, inasomeka na mtu yeyote, na kuivunja ni kuidharau mahakama. Ni kitu cha kwanza ambacho mwajiri atataka kiondolewe mezani ili akubali kuongeza kiasi cha suluhu, na wakili anayelipwa kutokana na kiasi hicho atashawishika. Majaji wanaoidhinisha suluhu wana haki ya kuuliza kwa nini amri haimo. Wakala wa jimbo, unaopokea nakala ya kila suluhu, una haki ya kuuliza vivyo hivyo. Na wafanyakazi kama binamu yangu wanaopokea barua na hundi wanapaswa kuambiwa, kwa lugha wanayoisoma, kama ule mfumo wa kukata dakika 30 umezimwa au bado unafanya kazi.